Nyanya Zilizonyauka Zikiwa za Kijani: Jibu kwa Mwalimu wa Kerege

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Kerege, wilaya ya Bagamoyo. Nilijenga kitalu nyumba cha nailoni chenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 15, mahali palipokuwa na bustani ya biringanya na nyanya chungu. Msimu wa kwanza nilipanda nyanya mwezi Juni, zikazaa vizuri. Msimu wa pili nilipanda Novemba. Zilipoanza kutoa maua, mimea ikaanza kunyauka mmoja mmoja nyakati za mchana ikiwa bado ya kijani, na baada ya siku chache ikafa. Iliyosalia ilidondosha maua mengi mwezi Januari na Februari. Dukani nilipewa dawa za ukungu za aina tatu, nikapiga zote, sikuona mabadiliko. Sasa wapo wanaonishauri nitoe udongo wote nilete mwingine, wapo wanaosema nibomoe, na mwanangu anasema tupande mipapai humo ndani. Nifanye nini?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwa kulieleza jambo lako kwa mpangilio, kwa sababu mambo mawili uliyoyataja, kwamba mimea ilinyauka ikiwa bado ya kijani na kwamba mahali hapo palikuwa na biringanya na nyanya chungu, yamenipa zaidi ya nusu ya jibu. Unayo matatizo mawili yaliyokutana chini ya paa moja. La kwanza ni ugonjwa uliomo udongoni, ambao kwa dalili ulizozieleza karibu hakika ni mnyauko bakteria. La pili ni joto, na hilo limeletwa na nyumba yenyewe, kwa kuwa kitalu nyumba cha aina hiyo kilibuniwa na watu wanaopambana na baridi, ilhali wewe unapambana na jua la Bagamoyo. Kitalu usikibomoe, na udongo usiuhamishe. Lakini nyumba hiyo inapaswa kubadilishiwa kazi, na nyanya zinapaswa ama kuondolewa kwenye udongo huo, ama kubebeshwa juu ya mizizi ya mmea mwingine.

Kabla hujatumia shilingi yoyote, fanya kipimo kimoja kisichohitaji maabara. Chagua mmea ulioanza kunyauka lakini haujafa. Ukate shina karibu na ardhi kwa kisu kikali, kisha kata kipande cha urefu wa kidole kutoka sehemu ile ya chini. Jaza maji safi kwenye glasi inayoonyesha vizuri, funga kipande hicho kwa uzi au kibanio cha nguo, kisha kining'inize ili ncha yake ya chini tu izame majini, na usiitikise glasi. Weka karatasi nyeusi nyuma yake. Ikiwa ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mwembamba mweupe, kama moshi wa udi unaoshuka badala ya kupanda, ukitoka kwenye ncha ya shina na kuteremka hadi kwenye kitako cha glasi. Uzi huo ni bakteria wenyewe, kwa mamilioni, wakitoka kwenye mishipa ya maji ya mmea. Nimewahi kuwaonyesha kina mama wa kikundi kimoja cha bustani, na mmoja wao alikaa kimya kwa muda mrefu akiitazama glasi ile, kisha akasema kwamba kwa miaka miwili alikuwa akiamini kuwa jirani yake anamwagia kitu usiku.

Ukiona maji yamebaki safi bila uzi wowote, basi pasua shina kwa urefu na utazame. Mnyauko unaoletwa na ukungu wa fuzari nao hubadilisha rangi ya mishipa kuwa ya kahawia, lakini huanza kwa kuyapa majani ya chini rangi ya njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, na huenda polepole. Mnyauko bakteria hauna subira ya namna hiyo: jani halina muda wa kugeuka njano, linalala tu kama mboga iliyotiwa maji ya moto. Ng'oa pia mizizi na uitazame. Ikiwa ina vinundu kama shanga, minyoo fundo, yaani minyoo midogo mno inayoshambulia mizizi, imo, na taarifa hiyo utaihitaji baadaye.

Bakteria hawa kwa jina la kitaalamu huitwa Ralstonia solanacearum. Huishi udongoni na majini, na huingia kwenye mmea kupitia majeraha madogo ya mizizi: pale jembe lilipokata, pale mche ulipokwaruzwa wakati wa kuhamishwa, pale minyoo fundo ilipotoboa, na hata kwenye upenyo mdogo unaofunguka wakati mzizi wa pembeni unapochomoza kutoka kwenye mzizi mkubwa. Wakishaingia huzaliana ndani ya mishipa inayopandisha maji na kuiziba kwa ute wao. Ndiyo maana mmea hunyauka juani na kuonekana kama umepata nafuu jioni, na ndiyo maana mkulima huongeza maji akidhani ni kiu, na maji hayo hayo ndiyo yanayowasafirisha bakteria hadi kwenye mmea unaofuata. Dawa za ukungu haziwezi kusaidia, kwa sababu bakteria si ukungu, na hata ungepata dawa ya bakteria isingewafikia ndani ya mishipa na ndani ya udongo. Hakuna dawa ya kupuliza inayomponya mgonjwa huyu. Ninasisitiza hilo kwa kuwa fedha nyingi za wakulima wadogo huteketea hapa, na afya zao pia, kwa kupiga dawa ndani ya nyumba iliyofungwa bila barakoa wala glovu.

Nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo, mnavu na tumbaku ni ukoo mmoja, na wote ni wenyeji wa bakteria hawa. Bila shaka walikuwapo kwenye bustani yako ya zamani kwa kiasi kidogo. Nje ya kitalu kiangazi hukausha udongo wa juu, magugu hufa, na idadi yao hupungua. Lakini ndani ya kitalu nyumba kiangazi hakiingii: udongo una unyevu wa matone mwaka mzima, una joto, na una mizizi ya nyanya msimu baada ya msimu. Msimu wa kwanza bakteria walikuwa wachache na ulikuwa wakati wa ubaridi, hivyo ukavuna. Msimu wa pili walikuta chakula kile kile na joto wanalolipenda, ambalo ni kati ya nyuzi 25 na 35.

Kuhusu kubadilisha udongo, tufanye hesabu pamoja, Mwalimu. Mita 8 mara 15 ni mita za mraba 120. Ukichimba sentimita 30 tu kwenda chini, utatoa mita za ujazo 36, yaani kama mizigo 7 ya lori lenye ujazo wa mita 5, na mingine 7 ya kuingiza. Baada ya gharama yote hiyo, bakteria waliobaki chini ya sentimita 30 watapanda, na udongo ulioletwa huenda umetoka kwenye shamba la viazi au bondeni palipokuwa na mnavu. Nimeona watu wakifanya hivyo na kuvuna msimu mmoja. Siwezi kukushauri utumie kiinua mgongo chako kwa namna hiyo.

Sasa nyumba yenyewe. Kitalu nyumba kilichofungwa kwa nailoni kila upande ni mtego wa joto, na huko kilikotoka ndiyo kazi yake. Kule Uholanzi mkulima hukihitaji ili nyanya isife kwa baridi, na hapa kwetu watu wa Lushoto, Njombe au Limuru kule Kenya nao wana sababu ya kukitumia, kwa kuwa usiku wao ni wa baridi. Pwani hatuna baridi ya kuizuia. Tunachohitaji ni vitu viwili: mwavuli wa kuzuia mvua ya masika isilowanishe majani na kuleta bakajani, na chandarua cha kuzuia wadudu. Kwa hiyo acha nailoni ya paa, toa nailoni yote ya kuta, na mahali pake weka wavu wa kuzuia wadudu kutoka chini hadi juu. Ikiwa paa lako halina upenyo wa kutolea hewa moto, mwite fundi aufungue kwenye kilele kwa urefu wa nyumba nzima, kisha aufunike kwa wavu huo huo. Hewa ya moto hupanda, na isipopata njia juu, kuta za wavu peke yake hazitatosha.

Nunua kipimajoto kidogo, kining'inize katikati ya nyumba kwenye kimo cha maua, kikiwa kimekingwa jua kwa kipande cha boksi, na uandike joto la saa nane mchana na la alfajiri kwa wiki moja kabla ya kubadilisha kuta na wiki moja baadaye. Nyanya hufurahia usiku wa nyuzi 15 hadi 20. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 na mchana ukipita nyuzi 32 au zaidi, chavua hudhoofika, ua halishiki tunda, kikonyo chake hugeuka njano kwenye kifundo na ua hudondoka. Dar es Salaam na jirani zake mwezi Februari mchana hufikia takribani nyuzi 32 na usiku hushuka hadi 25 tu, hayo yakiwa ya nje kwenye hewa huru. Ndani ya nailoni iliyofungwa ongeza nyuzi kadhaa juu yake. Mwezi Julai usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Maua yako ya Januari hayakudondoka kwa kukosa mbolea wala kwa ugonjwa. Yalidondoka kwa sababu nyanya ilitakiwa kutoa maua Julai.

Zingatia pia upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, kuanzia masika hadi karibu Septemba, na ndiyo utakaopoza nyumba yako katika msimu wa nyanya. Upande huo usiweke stoo, ukuta, wala mti wenye majani mazito. Kaskazi ikija, nyumba itapumua upande wa pili, lakini wakati huo nyanya hazitakuwamo.

Utakapokwenda kununua wavu, muuzaji atakuonyesha wa matundu madogo kabisa na kukuambia kwamba ndio bora. Hapa inabidi kuchagua. Wavu wa matundu madogo sana humzuia inzi mweupe, anayeeneza virusi vya majani kujikunja, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta, lakini pia hupunguza upepo na kurudisha joto ulilolitoa. Wavu wa matundu makubwa kidogo humzuia nondo wa kantangaze, yule aliyeingia nchini karibu mwaka 2014 na kutoboa majani na matunda, na huruhusu hewa. Kwa Kerege, ambako upepo wa bahari ni rafiki yako mkubwa, mimi ningechukua wavu wa matundu ya wastani, kisha ningeongeza karatasi za njano zenye gundi ndani ya nyumba kwa ajili ya inzi weupe, na ningeukagua kila mche kabla haujaingia mlangoni. Mlango uwe wa mara mbili, wenye nafasi ya mtu mmoja kusimama katikati, ili usifunguliwe wote kwa pamoja.

Ukishaweka wavu, kumbuka kwamba umemfungia nje hata nyuki. Nyanya hujichavusha yenyewe, lakini inahitaji kutikiswa, na nje upepo ndio unaofanya kazi hiyo. Ndani ya wavu itikise wewe: kila siku kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, gonga kwa kijiti ile kamba inayoshikilia mmea, mara mbili au tatu, hadi uone vumbi dogo la njano likianguka. Matango ya kawaida, tikiti na maboga hayatazaa ndani ya wavu isipokuwa uyachavushe kwa mkono. Ukitaka matango humo, uliza mbegu za aina inayozaa bila kuchavushwa.

Nafika kwenye nyanya zenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo palipo na faida yako. Unazo njia mbili za kulima nyanya katika nyumba yenye udongo mgonjwa, na ningependa uzijaribu zote kwa kiasi kidogo kabla ya kujaza nyumba nzima.

Njia ya kwanza ni kuziondoa nyanya udongoni na kuzipanda kwenye mifuko ya lita 20 iliyojazwa makumbi ya nazi. Pwani tunayo makumbi kuliko karibu kila mkoa, na mengi hutupwa au kuchomwa. Hata hivyo chagua kwa uangalifu. Makumbi ya watengeneza kamba, yaliyofukiwa kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi mingi ili yalainike, yamejaa chumvi ya bahari na yataziunguza nyanya zako. Chukua makumbi makavu ya bara, yapondwe au yakatwe vipande vidogo pamoja na unga wake, yaloweke kwenye pipa la maji baridi usiku kucha, mwaga maji hayo, na urudie mara tatu. Hata makumbi ya bara yana chumvi yake ya asili. Maji ya mwisho yanapaswa kuwa na rangi ya chai nyepesi, na ukiyaonja kwa ncha ya ulimi yasiwe na ladha ya chumvi. Ikiwa kisima chako nacho kina maji ya chumvi, kama visima vingi vya ukanda huo, osha kwa maji ya mvua uliyokinga kutoka kwenye paa. Paa la mita za mraba 120 hukusanya lita nyingi katika mvua moja tu ya masika.

Tandika nailoni nzito chini, panga tofali juu yake, na mifuko ikae juu ya tofali. Jambo hili watu hulipuuza, kisha mzizi mmoja hupenya tundu la kutolea maji, hufika kwenye udongo wa kale, na bakteria hupanda kwa mlango huo. Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye makumbi na udongo wa bustani wala samadi ambayo haijaoza vizuri. Makumbi hayana chakula, hivyo mmea utategemea mbolea unayoiyeyusha kwenye maji: mbolea ya NPK ya kuyeyuka na, kwa siku tofauti, mbolea ya kalsiamu naitreti. Usiziyeyushe pamoja katika ndoo moja zikiwa nzito, kwani hugandana na kuziba matundu ya mipira ya matone. Mche mdogo utatosheka na maji chini ya nusu lita kwa siku. Mmea wenye matunda utataka lita moja na nusu hadi mbili, zigawanywe mara nne au tano tangu asubuhi hadi alasiri. Mfuko ukikauka leo na kufurika kesho, matunda yataoza kitako, yaani yatapata doa jeusi lililobonyea upande wa chini, na utadhani ugonjwa mpya umeingia.

Njia ya pili ni kubebesha, kama tunavyobebesha miembe na michungwa, ila hapa tunabebesha mche wa nyanya juu ya mche wa biringanya wenye mizizi inayohimili mnyauko bakteria. Si kila biringanya inafaa, na pengine utashangaa kwamba naitaja biringanya baada ya kuilaumu. Zipo aina zilizochaguliwa kwa kazi hii. World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga chenye makao yake Taiwan na ofisi yake ya Afrika jijini Arusha tangu mwaka 1992, kimefanya kazi hii kwa miaka mingi na kupendekeza biringanya inayoitwa EG203 kwa maeneo ya joto na yanayotuama maji. Muulize bwana shamba wa kata yako au wazalishaji wa miche kuhusu aina hiyo au nyingine inayouzwa kwa ajili ya kubebeshea, na usikubali biringanya ya sokoni badala yake.

Biringanya huchelewa kuota na kukua, hivyo isie siku kadhaa kabla ya nyanya, na lengo ni kwamba siku ya kubebesha mashina yote mawili yawe na unene uleule, kama njiti ya kiberiti nyembamba, yakiwa na majani mawili au matatu ya kweli. Fanya kazi hiyo jioni, kivulini, kwa wembe mpya uliofutwa kwa spiriti. Kata shina la biringanya kwa mshazari juu ya yale majani mawili ya kwanza ya mbegu. Kata shina la nyanya kwa mshazari uleule. Vaa kwenye shina la biringanya kipande cha mrija laini wa mpira chenye urefu wa sentimita moja, kilichopasuliwa upande mmoja, kisha ingiza nyanya kutoka juu hadi nyuso mbili zilizokatwa zigusane kabisa. Zikiachana hata kwa unene wa karatasi, mche hautashika. Peleka miche hiyo mara moja kwenye banda dogo la nailoni lililo kivulini, sakafu yake ikiwa na maji, ili hewa iwe na unyevu mwingi. Usifungue kwa siku tatu za mwanzo isipokuwa kupulizia ukungu wa maji kwenye kuta za nailoni. Siku ya nne fungua kidogo asubuhi na jioni, ongeza muda kila siku, na baada ya siku saba hadi kumi miche iliyosimama wima ndiyo iliyoungana. Mara ya kwanza utapoteza mingi. Bebesha 50 ukitarajia 25, na msimu unaofuata mkono wako utakuwa umezoea.

Wakati wa kuipanda, sahau ile desturi yetu nzuri ya kufukia shina la nyanya hadi nusu ili litoe mizizi mingi. Ungio lazima libaki juu ya ardhi, angalau kwa upana wa vidole vitatu, na usilipandishie udongo wakati wa palizi. Shina la nyanya likigusa udongo litatoa mizizi yake lenyewe, mizizi isiyo na kinga, na kazi yote ya wembe itakuwa bure. Ng'oa pia kila chipukizi la biringanya litakalotokea chini ya ungio.

Kwa njia yoyote utakayoichukua, sia mbegu mwishoni mwa Aprili, pandikiza mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, maua yatoke Julai, na uvune kuanzia Agosti hadi kusi inapokatika. Ukiona mmea mmoja unanyauka, uutoe siku hiyo hiyo pamoja na mfuko wake au udongo uliozunguka mizizi, uufunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa papo hapo, kisha ukauteketeze mbali. Usiupeleke kwenye shimo la mboji. Wakati wa kuondoa machipukizi ya pembeni, anza na mistari yenye afya na umalizie ile unayoitilia shaka, ukichovya kisu kwenye maji yenye jiki kila baada ya mmea mmoja.

Udongo wenyewe uliobaki katikati ya mifuko usiuache bure, ila usiupe tena mmea wowote wa ukoo wa nyanya ambao haujabebeshwa kwa miaka isiyopungua mitatu, na hesabu mnavu unaojiotea kuwa ni adui. Mchicha, sukuma wiki, kunde za majani na mahindi ya kuchoma vinafaa. Bamia inafaa ikiwa kipimo cha mizizi hakikuonyesha vinundu, kwa sababu minyoo fundo huipenda sana. Januari na Februari, nyumba ikiwa tupu, utumie jua lile lile lililokuangushia maua: lima udongo ulainike, umwagilie hadi ulowe vizuri, tandaza nailoni angavu, si nyeusi, ikilala juu ya udongo bila mifuko ya hewa, fukia kingo zote, na uiache kwa wiki sita. Joto litakalojengeka chini yake litapunguza sana bakteria, minyoo na mbegu za magugu katika sentimita 15 au 20 za juu. Halitawamaliza walio chini zaidi, na kwa hiyo tendo hili ni msaada wa mzunguko wa mazao na haliwezi kuchukua nafasi yake.

Mwanao ana wazo zuri katika mahali pasipofaa. Papai ndani ya kitalu litagusa paa kabla ya mwaka wa pili, mizizi yake hushambuliwa na minyoo fundo, na litakula nafasi uliyoigharamia kwa ajili ya mazao ya bei. Nje ya kitalu ni jambo jingine kabisa. Mwambie apande mstari wa mipapai upande wa magharibi, mita tatu kutoka kwenye ukuta wa wavu, mti mmoja na mwingine zikiachana mita mbili na nusu, na itawapa nyanya kivuli cha alasiri bila kuziba kusi. Katika kila shimo aweke miche mitatu, asing'oe hata mmoja mpaka maua yatokee, kwa sababu ndipo atakapojua upi ni dume wa maua madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu na upi utakaozaa. Hapo abakize mmoja unaozaa, na katika mstari mzima, ikiwa yote iliyobaki ni majike, aache dume mmoja. Mashimo yainuliwe kidogo juu ya usawa wa ardhi, kwani mpapai uliosimama kwenye maji ya masika kwa siku mbili tu huanza kuoza mizizi.